Birika la Kunyweshea Injini

Majina ya watu ninayo yote kichwani, hata ya wale tuliokaa nao dawati moja kabla sijaacha shule. Hapa siandiki hata moja, kwa sababu aliyefanya uchafu huu ni mwanangu wa kumzaa, na bado ninakula kwake.

Alinunua basi dogo la dizeli lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, sinki na jiko la gesi. Analiita gari-nyumba. Mimi nililiona halina maana mpaka mdogo wangu alipovunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji hospitali ya Tosamaganga. Daktari akasema arudi Mbeya amelala, kwenye kiti cha basi haiwezekani. Basi tukasema, gari lenye kitanda tunalo, twende tukamchukue. Hofu yangu ilikuwa moja: injini isije ikatufia njiani, yule mtu na mshono wake tumwangalie tu.

Tulipofika Makambako mwanangu akasimama, akanichemshia chai. Nikavuta funda moja, nikalitema dirishani.

"Umeniwekea sukari! Si unajua nimekatazwa?"

"Mama, sukari yenyewe sijabeba."

"Ulimi wangu ni mzee, haujafa."

Akacheka, akasema labda majani ya chai ndivyo yalivyo. Nikamwaga kikombe chote nje. Yeye alikuwa na soda yake, chai hakugusa.

Mafinga hatujaifikia, mshale wa joto ukaanza kupanda. Tukaegesha pembeni, malori ya mbao yanatupita na vumbi lake. Akangoja injini ipoe, kisha akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe ni kile nilichomwona asubuhi akifutia vikombe. Akachovya kidole. Kikatoka na ute wa kahawia unaovutika, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Nikadhani atakipangusa kwenye majani. Akakilamba.

"We! Unafanya nini?"

"Napima kulanti, mama, dawa ya kupoza injini. Ikiwa tamu, bado ipo. Ikiwa haina ladha, maji yamezidi. Madereva wote tunapima hivi."

"Na leo ina ladha gani?"

Akalamba tena, amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi. "Utamu uko mbali kidogo."

Nikageuza uso. Nimelea watoto, nimeosha wagonjwa, nimetoa matumbo ya mbuzi kwa mikono hii, wala sijawahi kuona kinyaa kama siku ile. Nikamuuliza huwa anaongeza maji gani. Akajibu bila aibu kwamba ni yoyote yaliyo karibu. Safari iliyopita alichota kwenye mfereji wa mpunga kule Usangu, mahali ng'ombe wanaponywea na kuacha vyao humo humo.

Halafu akaingia jikoni mwake, hatua chache nyuma ya kiti cha dereva. Chini ya sinki akatoa dumu la kulanti ya kijani. Akachukua birika la chai, akalijaza ile kijani, akarudi nalo kwenye rejeta, akamimina.

"Mdomo wake unaingia vizuri," akasema, "haumwagi hata tone."

Nikakumbuka lile funda la Makambako.

"Birika hilo huwa unaliosha?"

"Nalisuuza, mama."

Anasuuza! Nikashuka, nikatapika kando ya lami, na tumboni sina kitu.

Tukajikokota mpaka gereji moja ya Mafinga. Fundi akafungua rejeta, akanusa, akavuta ule uchafu kwa kipimo chake cha kioo chenye mpira wa kubinya. Vigololi vya ndani, vinavyotakiwa kuelea kulanti ikiwa nzuri, vilikaa chini kama kokoto.

"Kaka, humu umelima mpunga?"

"Iongezee tu, tuna mgonjwa anatusubiri," mwanangu akasema.

"Ukiiongezea, mgonjwa wako atalala msituni na misonobari. Umechanganya kulanti nyekundu na ya kijani, imekuwa uji. Na maji ya tope yanakula injini ya dizeli kutoka ndani, mpaka itoboke." Kisha akaniona nashika tumbo. "Bibi, una nini?"

Nikamweleza habari ya birika, na ya kidole. Akaacha kutabasamu.

"Ulimeza?"

"Nilitema."

"Una bahati. Ule utamu ni sumu, unaua figo. Na wewe kaka unayelamba, mkifika hospitali mseme wote wawili."

Mwanangu akaangalia kidole chake.

Uji ule ukamwagwa kwenye pipa bovu, na mbwa wa gereji akaja mbio kuulamba. Nikamfukuza kwa fimbo yangu mpaka fundi alipofunika pipa. Wakasafisha rejeta kwa maji mpaka yakatoka meupe, wakajaza kulanti ya rangi moja, nusu kwa nusu na maji ya betri. Wakati huo mimi nililiweka birika chini, nikalipiga jiwe mpaka likapasuka.

"Mama! Birika zima hilo!"

"Zima kwa nani?"

Hospitali walitupima wote wawili, wakaturuhusu. Wakampakia mdogo wangu kwenye kitanda cha gari, tukaanza kurudi. Nilikaa mbele, macho kwenye mshale. Ulikaa katikati, haukutikisika. Tulipofika Nyololo mdogo wangu akaomba chai. Nikashuka mwenyewe, nikamnunulia kwa mama lishe.

"Dada," akasema, "gari lina jiko na sinki, mimi nanunuliwa chai barabarani kama utingo?"

"Kunywa."

"Mbona mwanao amenuna?"

"Kunywa, nimesema."

Mwanangu akanyoosha mkono amshikie mama yake mdogo kikombe, maana alikuwa amelala chali na chai ni ya moto. Nikauona kile kidole kinaelekea ukingoni mwa kikombe. Nikaupiga mkono wake.

"Wewe shika usukani tu," nikamwambia.

Mdogo wangu nikamnywesha mwenyewe kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka tukaingia Mbeya. Chai ilikuwa imepoa zamani na imeota utando juu. Akaimaliza yote.