Mashine ya Theluji ya Busanza

Vitu ambavyo Silvère alikuwa ameviacha Kanada vilipofika Kigali, miaka mitatu baada ya harusi, mkewe Praxeda aliizunguka ile mashine mara mbili, mikono kiunoni, ndipo akauliza: "Baba Kaliza, umetuletea mtumbwi?"

Na wewe ungeuliza hivyohivyo. Haikuwa na gurudumu hata moja. Mbele ilikuwa na miguu miwili ya chuma yenye ncha zilizobinuka, chini mkanda mpana wa mpira wenye meno, juu kiti kirefu cheusi kilichochanika, na mwili wote rangi ya njano iliyokwisha kupauka. Ofisa wa forodha alihangaika nayo tangu asubuhi. Pikipiki? Pikipiki ina magurudumu, jamani. Boti? Boti haina kamba ya kuvuta kama jenereta. Jioni akachoka, akaandika "kifaa cha michezo", akagonga muhuri, akaita mwingine. Basi hivyo ndivyo pikipiki ya theluji ya mwaka 1971 ilivyoingia mtaa wa Busanza, mahali ambapo ukitaka barafu unafungua friji.

Silvère alikwenda Kanada kusoma, masomo yakamshinda, akaishia kwenye gereji moja kando ya mto mkubwa wa Quebec ambao wakati wa baridi huganda mpaka watu wanaupita kwa magari. Hii mashine aliikuta imetupwa nyuma ya gereji, akaifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, akaifunga tena. Alikuwa na vyeti vyake vya ufundi pia, lakini vyeti alivitia kabatini. Mashine aliiweka barazani, juu ya magogo mawili, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeegesha gari.

Praxeda alicheka, akanuna, akazoea. Yeye ni mtu wa Karagwe, alikuja Kigali kutafsiri barua na mikataba katika ofisi moja ya Kacyiru, na hakutegemea kwamba katika maisha yake ingefika siku ya kumfafanulia mama mkwe kwa nini barazani kuna kitu cha kuteleza kwenye theluji. Lakini alifafanua.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wakiwa bado na matope ya mtaro miguuni, walikuja wanaume watatu. Gatera, aliyefanya kazi na Silvère kwenye gereji ileile ya mtoni. Benon, aliyekulia Uganda kisha akakaa Ottawa miaka kumi na moja. Na Nasiri, fundi pikipiki wa Rwezamenyo, ambaye hajawahi kuona theluji hata kwa bahati mbaya, ila alisikia injini ile siku moja akileta spea, akasimama, akasema, "Hii lazima nijue inakula nini."

Walikuwa na utaratibu wao, na ole wako uuvunje. Mwenye mashine ndiye anayechanganya mafuta, petroli na oili pamoja, kwa maana injini za namna ile hazina mahali pengine pa kuwekea oili. Oili hupita ndani ya petroli yenyewe. Na mwenye mashine ndiye anayevuta kamba mara ya kwanza. Kumchanganyia mwenzako mafuta, Gatera alisema, ni kama kuingia jikoni kwa mke wa mtu na kuonja mchuzi. Hata kule mtoni hakuna aliyethubutu. Mashine ikishaunguruma, moshi wa buluu ukijaa baraza, ndipo kila mmoja anasimulia habari moja ya theluji. Nasiri naye alikuwa na habari moja tu, ya mvua ya mawe iliyotoboa bati la gereji yake, na aliirudia kila mwezi, nao waliipokea kila mwezi. Majirani walifunga madirisha.

Miaka mingi ikapita hivyo, ndipo, mwezi wa Machi, Silvère akafariki. Aliingia hospitali Jumatatu kwa miguu yake mwenyewe, akilalamikia chakula. Alhamisi asubuhi akawa amekwenda.

Praxeda hakulia. Si siku ile, si makaburini, si siku ya kumaliza matanga ambapo hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula walitoa chozi. Jolly, dada wa marehemu, alisema wazi sebuleni kwamba huyu mwanamke ni jiwe, na Praxeda, aliyekuwa amebeba trei ya vikombe, alisikia na akaendelea kugawa chai. Haikumuuma. Hapo ndipo alipojiogopa, kwa sababu Jolly alikuwa amekusudia imuume.

Wengine waliiita huzuni. Haikuwa huzuni. Huzuni Praxeda aliijua, alizika mama yake, alilia mpaka akatapika. Hii ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila mwili mzima, tena haikufuatwa na zile sindano za kukuambia kwamba damu inarudi. Aliamka, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kacyiru, akatafsiri, akarudi. Kaliza, binti yao aliyekuwa akifanya kazi Huye, alipiga simu kila jioni kuuliza, "Mama umekula?" Akaitikia. Mchungaji akamuuliza kama anasali, akaitikia. Bosi akamuuliza kama ripoti imekwisha, akaitikia, na haikuwa imekwisha.

Kitu kimoja tu alikuwa amekiweka akiba. Aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba siku mashine ile itakapowashwa, mlio wake na harufu yake ya oili iliyoungua vitamfungua. Atalia kama watu. Kwa hiyo kila mwezi wale wanaume walipokuja wakakaa barazani na kumtazama, aliwapa chai, akawaacha waende. Ukiwa na dozi moja tu ya mwisho, hukimbilii kuimeza. Maana ikishindikana nayo, utabaki na nini?

Miezi tisa ikapita hivyo. Mwishowe ni Gatera aliyesema. "Shemeji, hii mashine iko inaharibika. Mpira iko inakauka. Sisi hatuwezi kugusa, mwenyewe iko wewe sasa. Tuwashe mwezi ujao, ama tuiache ife?"

"Tuwashe," alisema Praxeda.

Ijumaa kabla ya siku yenyewe, Nasiri alipita jioni na kidumu cha petroli lita tano na chupa ndogo ya oili. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza polepole: kesho asubuhi, Mama Kaliza, mimina hii yote ndani ya hii, tikisa vizuri, ndipo utie kwenye tangi. Angeweza kuchanganya mwenyewe kwa sekunde kumi. Lakini utaratibu ni utaratibu, na yeye, asiye na theluji yake, ndiye aliyeushika kuliko wote. Praxeda akaitikia. Akaweka chupa jikoni, karibu na ya mafuta ya kupikia, na mawazo yake yakawa yamekwisha kuondoka pale hata kabla Nasiri hajafunga geti.

Asubuhi alitia petroli kwenye tangi. Alifanya hivyo vizuri, kwa faneli, bila kumwaga tone.

Saa sita kasoro wakaja, wameoga safari hii, Benon amevaa hadi koti. Hakuna aliyejua akae wapi. Gatera alizunguka mashine, akashika kiti, akaachia. "Shemeji, mafuta umechanganya?"

Praxeda akaitikia kwa kichwa.

Mtu mwingine angechungulia tangi. Fundi yeyote wa barabarani angechungulia. Lakini hawa? Kumchungulia mjane wa Silvère tangi lake? Nasiri alitazama pembeni kabisa, kwa heshima.

Praxeda alivuta kamba mara nne. Ya tano injini ikashika, na baraza lote likatetemeka. Moshi wa buluu ukatoka, oili ya zamani iliyokuwa imelala ndani, na mkanda wa mpira ukaanza kuzunguka hewani juu ya magogo. Benon akapiga makofi, Kinyarwanda kikamtoka. "Mbega! Sikia hiyo!" Gatera alikuwa tayari anafuta macho, na akaanza kusimulia kwa sauti ya juu, habari ya Januari moja ambayo yeye na Silvère walikwenda kumpelekea bibi mmoja mtungi wa gesi ng'ambo ya mto. Mkanda ukakatika katikati ya barafu. Wakaacha mashine, wakarudi kwa miguu, theluji kiunoni, Silvère akibeba mtungi begani na kuimba, kwa sababu alisema mtu anayeimba hagandi ndevu. "Ndiyo ilikuwa hivyo!" Gatera alipaza. "Unatoka umekaa, unarudi unatembea! Na kesho unatoka tena!"

Praxeda alisimama karibu na ekzosi, akingoja. Mlio ulikuwa uleule. Harufu ilikuwa ileile. Alimwona Silvère kwenye barafu na mtungi wake, alimwona vizuri kabisa, na hakuna kitu kilichosogea ndani yake. Alivuta moshi kwa makusudi. Akakohoa. Hakuna. Basi, aliwaza kwa utulivu, ndiyo mwisho, mimi nilizikwa naye.

"Moshi," alisema Nasiri.

Hakuna aliyemsikia. Moshi ulikuwa umepungua, umekuwa mweupe, kisha haupo, na mlio umepanda juu, mwembamba na mkali. Benon alidhani injini imechangamka. Nasiri akapiga kelele, "Moshi uko wapi? Zima! Zima!" akaruka kuelekea swichi, na kabla hajaifikia chuma kilipiga yowe moja fupi ndani ya injini na kila kitu kikasimama. Mkanda ukasimama. Nasiri alishika kamba akaivuta. Haikutoka hata sentimita.

"Imenoki," alisema. "Pistoni imeng'ang'ania humo ndani. Imekwenda kavu." Alifungua tangi, akanusa, akalifunga taratibu. Hakumtazama Praxeda. Alisema haraka, "Ni mimi. Nilileta petroli mbaya."

"Kosa iko yangu," alisema Gatera. "Nilisema tuwashe. Ni mzee hii kitu, ilikuwa ife tu."

Benon naye akatafuta kosa lake. Walisimama pale wanaume watatu wazima, wakigombania lawama kama bili ya hotelini, ili tu mjane asiipate.

"Hukuleta petroli mbaya," alisema Praxeda. "Sikuchanganya. Chupa iko jikoni."

"Shemeji, hakuna shida..." alianza Gatera.

"Uliniuliza, nikaitikia. Sikujua hata umeuliza nini." Alisogea hadi kwenye mashine. "Hata daktari aliniuliza. Alhamisi ile. Alikuja na karatasi, akaongea, akaongea, kisha akaniuliza, mama, umeelewa? Nikaitikia. Akaenda zake, angefanya nini zaidi? Watu wote wanajua mimi nilielezwa. Jolly anajua nilielezwa. Kaliza akiniuliza baba alikufa kwa nini, namwambia ni moyo, kwa sababu watu hufa kwa moyo." Akamgeukia Gatera. "Sijui, Gatera. Sijui mume wangu alikufa kwa nini."

Injini ilisikika ikitoa milio midogo midogo ya chuma kinachopoa. Sasa ilimuuma, Mungu wangu, ilimuuma kifuani na tumboni na nyuma ya magoti, akashika ukingo wa kiti kile kilichochanika ili asianguke, na mdomo ulipofunguka haikutoka sauti ya mtu anayelia vizuri. Ilikuwa mbaya, ya mnyama. Benon aligeukia ukuta. Nasiri alikaa chini sakafuni na nguo zake safi.

Praxeda alipoweza kupumua, Gatera alimwambia kwamba Jumatatu atakuja na gari, waende wote wawili wakaulize. Kumbukumbu za hospitali huwa zinatunzwa. Daktari ataeleza tena, hata mara tatu.

"Leo," alisema Praxeda.

"Leo iko Jumamosi, Shemeji."

"Hospitali haifungwi Jumamosi." Alijifuta uso kwa kitenge, akaingia ndani kutafuta bahasha yenye karatasi za Silvère, na viatu.