Kishimo cha Shavuni

Kila asubuhi, kabla hata ya kusalimia mtu, mpigapicha wa studio moja ya picha hupuliza lenzi ya kamera, kisha huifuta polepole kwa kitambaa laini ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Kumbe usafi wote huo huishia kwa bosi. Picha ghafi zikitoka kwenye kamera, nzito, zenye kila kivuli cha uso, bosi huzipandisha kwenye tovuti ya bure inayozigeuza kuwa faili nyepesi zenye rangi chache tu, halafu anafuta zile ghafi ili kompyuta ipate kupumua. "Bosi, uso wa mtu si tangazo la sabuni," mpigapicha humwambia, sauti chini, taya zimekaza. "Ah, dada, watu wanatazama kwenye simu. Nani ataona?"

Aliyeona ni mama mmoja aliyefuata picha ya binti yake, marehemu, aliyepigwa picha hapo wiki moja kabla ya kufa. Shavu lilikuwa mabaka matupu, kama ukuta ulioliwa na unyevu. "Kishimo cha mwanangu cha shavuni kiko wapi? Si alikuwa anacheka?"

Mpigapicha akamgeukia bosi. "Ghafi iko wapi?"

"Si nilishafuta."

Mpigapicha alimpa mama kile kitambaa chake ajipanguse machozi. Kisha akaivua kamera ya studio shingoni, akamvika bosi kwa nguvu hadi mkanda ukamkwaruza sikio. "Haya, piga wewe." Akatoka, mlango akauacha wazi, na hakurudi tena.