Jirani Anavyosema Gudbai

Jirani yetu hapa Ipinda, mwalimu wa Kiingereza, hasemi gudbai akiwa amesimama. Huweka chini ungo wake wa mchele, hupangusa viganja kwenye kitenge, kisha huchuchumaa kama wanawake wa Kinyakyusa wanavyowasalimia wakubwa. Hata akiagana na muuza dagaa hufanya hivyo. "Zamani Waingereza walikuwa wakisema Mungu awe nawe," aliniambia, "wakaifupisha mpaka ikawa neno moja. Sasa, mwanangu, dua nitaisemaje nimeshika ungo?" Juzi tulipomzika mumewe kando ya migomba, alichuchumaa ukingoni mwa kaburi, viganja vitupu, akasema, "Gudbai," kwa sauti ileile ya kila siku. Kumbe hivyo ndivyo alivyokuwa akituaga sote, kila jioni.