Stesheni ya Konsolata

Pale ninapofanya kazi, nyumba ya kulelea wazee, kuna mashine ya kufyonza vumbi ambayo ikitumika muda mrefu hutoa harufu. Si ya kuungua, sijui niielezeje. Ni vumbi lililopashwa moto pamoja na mafuta kidogo ya mashine, na ndani yake kitu kama ladha ya chuma ulimini. Wenzangu hufungua dirisha. Mimi husimama pale nikainusa, maana ndiyo harufu ya sebule yetu ya Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, baba alipokuwa akiendesha treni zake.

Nataka kuandika habari ya treni hizo, lakini kwanza niwaambie mambo mawili. Mimi si msomi. Kiswahili changu ni cha nyumbani na cha kanisani, na nikiandika jambo leo, kesho naona haya kulisoma. La pili, kuna jina humu nimelibadilisha. Hili la Konsolata nimeliazima tu. Mama yangu bado yupo, na mbele mtaelewa kwa nini sikuthubutu kuandika lenyewe.

Baba alikuwa msafishaji katika hospitali kubwa ya Flemingsberg. Alivuka mji mzima kwenda na kurudi, kwanza treni ya chini ya ardhi kutoka kwetu mwisho wa laini, halafu ile ya juu inayokwenda kusini. Mtu angedhani akifika nyumbani hataki hata kusikia neno treni. Lakini jirani wa ghorofa ya chini, mzee Mswidi aliyekuwa anahama, alimpa reli yake yote ya kuchezea: injini, mabehewa, nyumba za karatasi ngumu, na miti iliyofanana na brashi za choo. Baba akalaza ubao mkubwa nyuma ya kochi, akaanza kuunganisha.

Mama alisimama mlangoni akitazama. "Wenzako wakipewa kitu wanapewa kitanda," akasema. "Wewe umepewa treni."

"Nimepewa, Mama Nadine. Sikuomba."

Nadine ni mimi. Kwetu Warundi mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na hata Wakenya na Wakongo wa kanisani walimwita mama hivyo hivyo. Jina lake la kwenye karatasi lilitumiwa na watu wa ofisi tu, na daktari, na mwalimu wangu. Wao walilisema vizuri kabisa, naye aliitika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wakati ule sikuliona hilo. Au labda nililiona, na sasa najipa sifa ya kutokuona. Sina hakika.

Vituo vya yule mzee vilikuwa na vibao vya Kiswidi. Baba akavibandua vyote, akasema kila mji wa reli yake utaitwa jina la mtu. Burundi reli hakuna, kwa hiyo hatukuwa na pa kuiga. Na kule Kigoma, katika kambi ya wakimbizi tulikotoka, mahali palikuwa herufi na namba tu. "Mimi nimeishi kwenye namba mpaka nimezeeka," akasema, naye hakuwa mzee. "Hapa hakuna atakayeteremka kwenye namba." Vibao alivitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu, kwa hiyo kiangazi kile tulikula aiskrimu kama watu walioajiriwa.

Mdogo wangu Eriki alichagua kwanza. Akasema kwa Kiswidi, maana alikuwa hajibu kwa lugha nyingine, kwamba mji mkubwa kuliko yote uitwe Ulla, jina la mwalimu wake wa chekechea. Baba akaandika Ulla. Mimi nikasema mji wangu uitwe Nadine. Baba akakataa. "Mtu hajipi mji mwenyewe, hupewa. Subiri." Nikampa bibi yangu mzaa baba. Kisha baba akamgeukia mama. "Na wewe? Mji huu wenye daraja ni wako. Nani akae?"

"Mimi sina wa kumpa mji," mama akasema, akaenda kuangalia maharage.

Anti Wanjiku alikuwa rafiki yake mkubwa. Alikuwa Mkenya, akikaa Hallonbergen, na Jumamosi alikuja kunisuka. Alipewa handaki. "Huko ndani ni giza? Basi weka mama mkwe wangu," akasema. "Anapenda kujua kila mtu anapita na nani."

Tulicheka sana. Baba akaliandika jina la huyo mama mkwe kwa herufi nzuri, akapuliza wino ukauke. Ndipo anti Wanjiku akainama zaidi, akanyoosha shingo nyuma ya mlima wa magazeti na gundi. Huko mwisho palikuwa na kituo kidogo chenye nyumba moja nyekundu. Hata mimi sikujua kwamba kimeshapata kibao.

"Na huyu Konsolata ni nani?"

Baba akasema, "Ni stesheni."

"Stesheni naona. Nauliza mwenye jina."

"Ni jina tu, dada Wanjiku."

Jikoni bomba likafunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu bila sahani kugongana na sahani. Anti Wanjiku alinitazama mimi, kisha akatazama jikoni. Nikajua kuna kitu.

Siku hiyo nilikaa katikati ya magoti yake akinisuka, mama amekaa mbele yetu akichambua mchele. Anti Wanjiku akasema kwa sauti ya chini, kama kwamba mtoto akisukwa masikio huziba: "Mama Nadine, wacha nikwambie. Mwanaume akiandika jina la mwanamke kwa nyumba yako, na wewe huulizi, hiyo si upole."

"Suka mtoto, acha maneno."

"Mimi nasema tu. Huko hospitali kuna manesi wengi."

"Wanjiku. Suka mtoto."

Kuanzia hapo nikawa askari. Baba akirudi, nilikimbilia koti lake kabla ya kumwamkia, nikalinusa. Lilinuka dawa ya sakafu. Nikamtazama anavyoendesha treni: ilipita Ulla, ikapita kwa bibi, ikaingia kwa mama mkwe ikatoka, na kila mara alipotaka kuzima umeme aliipeleka kwanza mpaka Konsolata ikalala pale. Niliwaza, huyu mwanamke ana treni yetu, kesho atakuwa na baba yetu. Darasani kulikuwa na watoto waliolala kwa baba wiki moja na kwa mama wiki nyingine, na begi lao lilijaa nguo badala ya vitabu. Niliogopa begi lile. Nilianza kuficha viatu vya baba vya Jumapili chini ya kitanda changu, nikiamini mtu haendi kwa mwanamke mwingine bila viatu vizuri.

Lazima niseme haki ya baba: hakubadilika hata kidogo. Alileta mshahara, aliosha vyombo, alituimbia. Lakini mtoto aliyekwisha shuku huona hata wema ni kujificha.

Mama ndiye aliyebadilika. Fundi wa nyumba alipokuja kutazama radieta ya kupasha nyumba joto, mama aliwahi kutandika shuka juu ya reli nzima, milima na handaki na yote, ikawa kama maiti nyuma ya kochi. Mama wa rafiki yangu alipokuja kumchukua binti yake, shuka. Nilidhani anaona aibu, kwamba hataki watu wajue mumewe ana mtu. Nikamhurumia, nikamsaidia kuvuta pembe za shuka.

Alasiri moja niliwasikia jikoni. Walikuwa wakisema Kirundi kwa sauti ya kukwaruza, ile ya watu wanaogombana wasisikike.

"Unataka watutoe hapa?" mama akasema.

"Nani atasoma kijiti cha aiskrimu?"

"Wanjiku amesoma."

"Wanjiku ni dada yetu."

"Wanjiku ana mdomo. Kitoe."

"Sikitoi," baba akasema. "Nimetoa vingine vyote nilivyoambiwa nitoe. Hicho sikitoi."

Mimi nilisikia *watutoe hapa* nikaelewa kwa akili yangu: Konsolata atakuja na ndugu zake, wataingia nyumbani, sisi watatu tutakaa ngazini na mabegi. Usiku nikamwomba Mungu amtafutie mume.

Mwishowe ni anti Wanjiku aliyelitoa jambo hadharani. Simlaumu, alimpenda mama, na kwake rafiki aliyeumia hawezi kuachwa anyamaze. Baada ya ibada, tulipokuwa kwenye kahawa katika ukumbi wa kanisa, mama akizunguka na chupa ya chai, anti Wanjiku aligeukia meza ya Warundi akauliza, kama mtu anayetafuta fundi cherehani: "Nyinyi mnajuana wote. Konsolata ni nani huku Stockholm?"

Meza ikatafakari. Mtu mmoja akasema hamjui. Mwingine akasema kuna mmoja Gothenburg lakini ni bibi kizee. Ndipo mzee Simeoni akaweka kikombe chini. Alikuwa amefika karibuni kuungana na watoto wake, na bado alivaa koti hata ndani. "Namjua mmoja," akasema, "wa kambini. Jirani yetu. Alifiwa na dada yake, masikini, na..."

Akainua macho. Mama alikuwa amesimama mbele yake na chupa ya chai, amekwisha kuinamisha mkono kummiminia. Walitazamana. Chai haikumwagika.

"Hapana," mzee Simeoni akasema. "Nimechanganya. Yule alibaki kule kule. Nasikia alirudi Burundi." Akasogeza kikombe. "Asante, Mama Nadine. Jaza."

Mngeuona moyo wangu. Konsolata yuko Burundi. Hajui njia ya Hjulsta, hajui namba ya mlango. Nikala biskuti zote zilizokuwa mbele yangu. Tukarudi kwa treni, mama amemshika Eriki kwa nguvu hata akalia. Tulipofika baba alikwenda nyuma ya kochi bila kuvua koti, akaking'oa kile kibao, akakivunja vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni. Nikamwona mama ameshinda. Jioni nikavirudisha viatu mahali pake.

Baada ya hapo reli haikuendeshwa sana, na tulipohamia nyumba ndogo baba akaigawa.

Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe nilipopata kujua. Wodini, nesi kijana alitaka kumwita mama kwa jina lake, akamuuliza, "Bibi anaitwa nani?" Swali jepesi. Mama akaangalia mtoto, akaangalia dirisha, ndipo akalitoa lile jina la kwenye pasi. Nyumbani, akimkanda mtoto kwa maji ya vuguvugu, akanieleza bila kunitazama. Kambini, dada yake alikufa kwa homa. Mama alikuwa amechelewa kufika, watu wameshahesabiwa, hakuwa na kadi ya chakula. Kadi ya dada ilikuwepo. Akala kwa kadi ya dada. Akaolewa kwa kadi hiyo, nikazaliwa kwa kadi hiyo, na wazungu walipokuja kuchagua watu wa kuleta huku, walisoma jina lililokuwa kwenye kadi. Siku ile, kusema ukweli kungekuwa ni kubaki kambini.

"Kwa hiyo Konsolata..." nikasema.

"Mtie taulo mtoto, atapata baridi."

Nilimwendea baba nikamuuliza kwa nini alifanya hatari ile. Akacheka kidogo. "Nilichoka kumwita Mama Nadine hata tukiwa wawili tu." Nikampelekea mama maneno hayo, nikidhani yatamlainisha. Akasema, "Si angeninong'oneza? Kwa nini aandike?" Nimelipima jambo hili miaka sasa. Nikimsikiliza baba nampa haki, nikimsikiliza mama nampa haki, na anti Wanjiku naye, aliyekuwa anatulinda kwa vile alivyojua. Mzee Simeoni alifariki kabla sijajua la kumshukuru. Lakini linaloniumiza ni lile la mtoto: kiangazi kizima nilikesha mlangoni nikimzuia mwanamke asiingie, kumbe yuko jikoni ananipikia maharage. Nilimwomba Mungu amtafutie mume ampeleke mbali.

Mama ana pasi ya Uswidi tangu zamani. Hata hivyo siku hizi wanasiasa wanabishana kwenye habari kuhusu kuwanyang'anya uraia watu waliosema uongo walipouomba, naye huzima televisheni akisema macho yanamuuma. Simwambii hakuna litakalotokea. Sijui.

Juma lililopita tulikuwa dukani, kwenye mboga, amenitangulia hatua kadhaa. Sijui kilichonipata. Nikamwita kwa jina lake la kweli. Si kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliyesahau mfuko. Hakugeuka. Aliendelea kuchagua vitunguu, akabonyeza kimoja, akakirudisha. Nilipomfikia akasema polepole, macho kwenye vitunguu, "Usimwite huyo hapa. Kuna watu."

Tulilipa, tukatembea mpaka nyumbani tukizungumza bei ya nyanya. Tukaingia kwenye lifti, mlango ukajifunga, tukawa wawili na mifuko yetu.

"Hebu sema tena," akasema.

Nikalisema. Akafumba macho.

Lifti ikafika ghorofa yetu, ikasimama. Mama hakusukuma mlango.