Daktari wa Unyanyapaa na Mahamri Yangu

Leo mtu ametema mahamri yangu mbele ya macho yangu, jamani!

Daktari mtafiti alikuja hapa Kiembeni kukishukuru kikundi chetu, sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI. Ameandika makala chungu nzima juu ya unyanyapaa, kwa majibu tuliyompa alipotuhoji.

Akala, akasifu sana.
"Amepika nani?"
"Mimi, daktari."

Taya zikasimama. Akainamia tishu, akatema. Eti tumbo limemvuruga ghafla!

Na ndiye anayeandika kwamba virusi haviambukizwi kwa chakula. Kinyaa kitupu!

Halafu, bila haya, akataka picha amenikumbatia, akaionyeshe kwenye kongamano.

Nikamwambia, "Malizia mahamri kwanza, ndipo tukumbatiane."

Kamera ikarudi mkobani.

Yaliyobaki yako hapa mezani, bado ya moto. Nani kati yenu anakuja kula?