Choo cha Umma na Fundi Saa Asiyejua Kukataa

Fundi saa wa mkabala na stendi watu walimwita Sawasawa, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla hujamaliza kuomba. Umemletea saa iliyozama kwenye ndoo? Sawasawa. Unaitaka leo leo? Sawasawa. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha pili yake, alisema mumewe akiombwa jino atafungua kinywa.

Basi halmashauri ikaamua kulijenga upya eneo la katikati ya mji, na safari hii wananchi wenyewe wapange nini kikae wapi. Wenye maduka wakaambiwa wachague mwakilishi. Sawasawa akapita bila kupingwa. Nani ampinge mtu asiyempinga mtu?

Kila mmoja alitaka choo cha umma. Miaka yote walikuwa wakimwomba mwenye mgahawa ufunguo wa chooni kwa unyenyekevu kama watu wanaoposa. Ila hakuna aliyekitaka mlangoni kwake.

"Jirani, choo ni jambo jema," alisema muuza vitabu. "Kisikae kwangu tu."

"Sawasawa."

Mwenye mgahawa akaja na chai ya bure. "Shemeji, tumetoka mbali mimi na wewe. Choo na chakula haviivi chungu kimoja."

"Sawasawa."

Kinyozi naye akaahidiwa, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika. Afisa mipango miji, binti mpole wa sauti, alitandaza ramani juu ya meza zilizounganishwa, akagawa vibao vya mbao: hiki benchi, hiki mti, hiki taa. Vyote vikapata pa kukaa. Kikabaki choo. Muuza vitabu akakisukuma kwa kinyozi. Kinyozi akakihamishia mgahawani. Mwenye mgahawa akakinyanyua kwa vidole viwili, kana kwamba kimeshatumika, akakirudisha kwa muuza vitabu.

"Kwangu hakiji! Sawasawa ameniahidi!"

"Amekuahidi wewe? Mimi je?"

"Na mimi?"

Macho yote yakamgeukia. Jasho likamtiririka hadi kwenye soksi. Akakichukua kile kibao, akakiweka ubavuni mwa chumba chake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mkewe, aliyekaa nyuma, hakupiga.

"Uliniuliza?" alimuuliza walipofika nyumbani. "Halmashauri imeshirikisha mji mzima, wewe umeshindwa kushirikisha chumba cha pili!"

"Kosa langu, mama watoto."

Wiki nzima alikula akitazamana na ukuta.

Choo kikajengwa, safi, chenye maji na mlinzi mkali. Mwenye cherehani akakinunia mpaka siku bwana mmoja mnene, mwenye tai, alipotoka humo akijibana kwa mikono miwili, zipu imegoma. Akaingia kwake kinyumenyume, akiomba asaidiwe bila kutazamwa. Yule mama alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kumbe haraka ya choo ni adui wa zipu! Wakaja wengine, na wengine, kila zipu na malipo yake, na uso wake ukakunjuka. Jioni moja mumewe alipakuliwa chakula, na maneno matamu kama nyongeza.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kuamua dampo la takataka likae wapi. Wenye maduka wakampendekeza fundi cherehani awe mwakilishi wao, na Sawasawa akampigia kura kwa mikono yote miwili. Ilibidi afisa amwombe ashushe mmoja.