Mashimo ya Kamba kwenye Tuta

Mtaani walimwita Fundi Ziba, kwa sababu hakuna ufa uliowahi kumshinda. Ukuta ukipasuka, tangi likivuja, aliitwa yeye, naye alifika na mwiko wake na maneno mengi. Mkewe, aliyefuga samaki katika bwawa nyuma ya nyumba, alimwacha aongee apendavyo, ila bwawani hakumruhusu kugusa kitu.

Bwawa lile lilikuwa na kamba wa maji baridi, wale wadogo wenye magando, wanaochimba mashimo kwenye tuta linalozuia maji na kurundika tope mdomoni mwa shimo. Kwa Fundi walikuwa waharibifu tu. Mkewe aliwachukulia kama wapangaji wasumbufu: hakuwapenda, lakini tabia zao alizijua. Kila asubuhi alilipitia tuta lote, kisha akafungulia maji ya mfereji mpaka yafike kwenye kigae chekundu alichokipachika ukingoni. Fundi alimtania kwamba kigae kile kinatunzwa kuliko mume.

Mama wa watu akaugua. Alipolazwa, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa, na daktari hakumficha binti yao: wamrudishe nyumbani akapumzike. Mgonjwa mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, awekewe kiti bwawani akae ayaone maji yake.

Fundi akajipa kazi. Kabla mkewe hajarudi, tuta lazima liwe halina shimo hata moja. Aliwahamishia samaki kwenye mapipa, akatoa maji yote kama anavyokausha tangi kabla ya kulipiga lipu, akachanganya saruji, akaziba. Alifanya kazi huku akilia, wala hakujificha. Asubuhi alikuta mashimo mapya, chini zaidi, yana tope bichi mdomoni. Akaziba. Wakachimba tena, chini zaidi. Siku ya mkewe kurudi ilipofika alisema bora liende, akafungulia maji. Yalipanda vizuri mpaka karibu na kigae, kisha tuta likalegea katikati, likabomoka, na maji yote yakamwagikia shambani kwa jirani.

Mgonjwa aliletwa mchana huohuo. Fundi alimbeba mwenyewe, na wepesi wake ulimuuma moyo. Akamweka kwenye kiti bwawani, maana hakujua pengine pa kumpeleka. Mkewe alilitazama lile tope.

"Uliyatoa maji?"

"Nilitaka kuziba, mama. Nilitaka ulikute zima."

"Wale wanafuata maji, mzee wangu. Yakishuka, nao wanachimba kuyafuata. Kigae kilikuwa cha hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi ya kusema?"

Aliyasema bila uchungu, hata alitabasamu kidogo, akaushika mkono wa mumewe uliokuwa bado na saruji. Jioni aliomba arudishwe ndani. Hakutoka tena.

Baada ya maziko Fundi alilijenga upya tuta kwa udongo mtupu. Siku hizi hana maneno. Kila asubuhi hulipitia tuta, akayaona mashimo na kuyaacha, kisha hufungulia mfereji mpaka maji yafike kwenye kigae. Kiti hakukiondoa. Hukaa chini, kando yake. Maji yamejaa kama mkewe alivyotaka, na hayupo wa kuyaona.